Mashine Namba 104

Seva ilifika Morogoro kwa basi la abiria. Ilikuwa imeviringishwa blanketi na kulazwa kwenye buti, kati ya tenga la kuku na godoro la mwanafunzi, nami nikachagua kiti cha upande uleule ili kila basi lilipoingia shimoni nisikie kama kuna kitu kimegonga. Pale stendi ya Msamvu kijana wa bodaboda aliinyanyua upande mmoja, akaishusha, akaniambia, "Kaka, huu si mzigo, huyu ni mgonjwa. Mtafutie bajaji."

Ilikuwa Dell PowerEdge R720 ya mtumba: prosesa 2 zenye viini 8 kila moja, kumbukumbu ya GB 64, diski 4 za TB 1. Kwingine ingeitwa chuma chakavu. Kwa SACCOS ya walimu na wauguzi iliyokuwa inaendesha hesabu za wanachama wapatao 600 kwenye kompyuta moja ya mezani, yenye kibodi isiyo na herufi E, ilikuwa ndege.

Na iliunguruma kama ndege. Seva za aina hii zikiwashwa huzungusha feni zote kwa nguvu ya mwisho kabla hazijajipima joto na kutulia. Nilikuwa nimeiweka kwenye kijichumba nyuma ya dirisha la malipo, palipokuwa stoo ya mafagio. Nilipobonyeza kitufe, foleni nzima iligeuka, na mama aliyekuwa dirishani akaweka kalamu chini.

"Mwanangu," aliniuliza bila kugeuka, "hiyo inaondoka saa ngapi?"

Kila mtu pale alimwita Mama Mhasibu. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na mbele yake, hata baada ya mimi kumfungia mfumo mpya, kaunta buku ilikuwa wazi muda wote. Kila muamala aliouingiza kwenye kompyuta aliuandika na daftarini: tarehe, namba ya mwanachama, kiasi, saini. Chini ya kila ukurasa, baada ya kufunga hesabu za siku, aliandika mstari mmoja wa jenereta: ilifanya kazi kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, imekula lita ngapi. Petroli aliinunua kwa fedha za ofisi na alitaka siku ya ukaguzi asiulizwe swali.

"Umesema kompyuta tano," aliniambia jioni ile, dirisha likiwa limefungwa. "Mimi naona moja."

Nilimwambia hizo tano ni mashine pepe. Pepe kama ya barua pepe.

"Pepe hiyo, au pepo?"

Nikajaribu tena. Nilimwambia aifikirie nyumba ya kupanga, zile za vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati. Kila mpangaji ana ufunguo wake, kitanda chake, pazia lake, na akishafunga mlango anasema yuko kwake. Lakini bomba ni moja, choo ni kimoja, LUKU ni moja. Seva ndiyo nyumba. Mashine pepe ndio wapangaji: moja ya kanzidata ya wanachama, moja ya mafaili ya ofisi, moja ya Windows kwa ajili ya programu ya zamani ya mishahara, moja ya kulinda mtandao, moja ya majaribio. Kila moja inawaka na kuzimika kivyake, ina mfumo wake wa uendeshaji, na hujiona ina prosesa yake na diski yake. Mwenye nyumba ni programu iitwayo Proxmox. Yeye ndiye anayegawa maji.

"Na mmoja akikesha na redio?"

"Unamwekea kikomo."

"Asipolipa kodi?"

"Unamzima."

"Na vyombo vyake?"

"Vinabaki ndani, mama. Siku ukimwasha anavikuta palepale."

Nililisema hilo kwa uhakika mkubwa.

Suala la diski lilimvutia zaidi. Diski 4 za TB 1, zikipangwa ili kila kinachoandikwa kiandikwe mara mbili, zinakuachia TB 2 tu. Mimi nilikuwa nimezigawia mashine tano jumla ya TB 3. Inawezekana, kwa sababu ugavi wa namna hii haumpi mpangaji nafasi yote siku ya kuhamia. Unampa ahadi, kisha unamkatia kipande kila anapoandika kitu. Mashine inaona TB 1 tupu. Kwenye diski halisi imetumia GB 60.

Mama Mhasibu alivua miwani. "Kumbe na nyinyi mnakopesha msichonacho."

"Ndiyo."

"Sasa wote wakija siku moja?"

"Hawaji siku moja."

"Na sisi tunasema hivyohivyo," alisema. "Lakini mimi kila jioni nahesabu droo."

*

Wazo lenyewe ni la kizee kuliko watu wengi tunaolifanyia kazi. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mfumo uliomfanya kila mtumiaji aone kama amepewa kompyuta nzima peke yake, na kompyuta yenyewe ilikuwa moja. Mwaka 1972 IBM ikalitoa wazo hilo kama bidhaa, VM/370. Kompyuta ndogo zenye prosesa za Intel na AMD zilichelewa sana. Hizo zilipata msaada wa kazi hii ndani ya prosesa zenyewe mwaka 2005 na 2006, na KVM, kipande cha Linux ambacho Proxmox inakitegemea, kiliingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2007. Nilikuwa shule ya msingi. Sikuwahi kuishi kwenye ulimwengu ambao kompyuta moja ilikuwa kompyuta moja, na nadhani hilo lilichangia. Mtu aliyebeba chuma cha kilo karibu 30 kwenye bajaji anapaswa kukiheshimu, lakini nilikuwa nakibeba mara moja tu. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa dirisha jeusi na amri ninazoziandika kutoka Dar es Salaam. Kuunda mashine mpya ni dakika kumi. Kuifuta ni sekunde mbili. Unaanza kuziona kama vikombe vya plastiki.

Miezi kumi ilikwenda vizuri. Kabla ya kila sasisho nilipiga snapshoti, yaani picha ya mashine ilivyo saa ile, ili sasisho likiharibu kitu nirudi nyuma. Nilizipa majina mazuri, nikazisahau. Mtu akiniuliza kama tuna bekapu nilisema tuna snapshoti hadi za kumwaga. Hapa nieleze kidogo, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Snapshoti haikai pembeni. Inakaa ndani ya nyumba ileile, kwenye diski zilezile, na nyumba ikiungua inaungua nayo. Tena inakula. Kila mashine inapobadilisha kitu, kile cha zamani lazima kihifadhiwe kwa ajili ya picha, na picha zikizeeka zinanenepa.

Bekapu halisi ilikuwepo pia, nisijionee. Kila usiku saa nane mashine zote zilinakiliwa kwenye diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva. Baada ya kazi hiyo seva ilinitumia barua pepe kuniambia imefanikiwa au imeshindwa. Barua hizo zilinichosha wiki ya kwanza, nikaweka kichujio, zikawa zinaingia zenyewe kwenye kabrasha nililoliita "Taarifa za seva". Sikulifungua tena.

Na kuna hili ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa pale kwa mafunzo kwa vitendo. Siku moja alinipigia simu kuniuliza kama naye lazima aandike kwenye daftari, maana anaingiza kila kitu kwenye mfumo. Nikamwambia daftari ni mambo ya kizamani, amwachie mama.

*

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilikuwa kwa kinyozi, Sinza. Mashine ya kunyolea ilikuwa imepita upande wa kushoto. Simu ikaita, saa nane na nusu mchana.

"Mwanangu, imeganda. Na watu wamejaa hadi barazani."

Kompyuta mpakato ilikuwa kwenye begi. Nikaifungua magotini, nikawasha bando la simu, kinyozi akasogea pembeni na mashine yake mkononi. Niliona tatizo haraka, na hilo lilinipa kiburi. Wapangaji walikuwa wamekuja siku moja. Mwisho wa mwezi, marejesho ya mikopo, ripoti za bodi, na juu ya yote snapshoti zangu za miezi kumi: nafasi ya diski imejaa asilimia 100. Mashine namba 104, ile ya kanzidata, ilijaribu kuandika, ikakosa pa kuandika, Proxmox ikaisimamisha isije ikajiharibu. Ilikuwa imeganda katikati ya pumzi, lakini mzima.

Dawa yake inajulikana. Futa snapshoti za mashine ya majaribio upate nafasi, zima 104, iwashe. Nilifuta snapshoti. Nikaiambia 104 izime kwa adabu. Haikujibu, maana iliyosimamishwa haisikii. Nikaenda kwenye ukurasa wa wavuti wa Proxmox nikabonyeza kitufe cha kuizima kwa nguvu. Ukurasa ukazunguka. Bando la simu, Ijumaa, Sinza. Ukaendelea kuzunguka, na alama ya 104 ikabaki ileile. Mama alikuwa bado hewani. Nyuma yake nilisikia mtu akisema ana mgonjwa hospitali.

Nikasema moyoni, ngoja niikate kabisa.

Mimi usimamizi wa mashine pepe nilijifunzia chuoni, kwa kifaa kingine kiitwacho virsh. Huko amri ya kuzima mashine iliyoganda ni destroy. Neno linatisha, lakini kazi yake ni ndogo: ni sawa na kuchomoa waya ukutani. Diski inabaki, mashine inabaki kwenye orodha, unaiwasha tena. Nililiandika neno hilo mara mamia kwa miaka miwili, hadi vidole vikalijua kuliko kichwa.

Kwenye Proxmox kuna neno hilohilo. Huko maana yake ndiyo maana yake.

Niliandika: qm destroy 104. Nikabonyeza.

Kuna kinga moja. Proxmox hukataa amri hiyo mashine ikiwa inawaka. Laiti 104 ingekuwa bado hai sekunde ile, ningejibiwa kwamba haiwezekani. Lakini kile kitufe cha kwenye ukurasa kilikuwa kimefanya kazi. Ni ukurasa tu uliochelewa kuniambia. Na kwenye ukurasa huohuo, ukitaka kufuta mashine, unalazimishwa kwanza kuandika namba yake kwa mkono wako. Dirisha jeusi haliulizi. Linakuchukulia kama mtu mzima.

Ulikuja mstari mmoja kuniarifu kwamba diski ya kwanza ya 104 imeondolewa kwa mafanikio. Kisha mstari wa pili, wa diski ya pili. Kisha alama ya kusubiri amri nyingine.

"Vipi, mwanangu?" Mama Mhasibu aliuliza.

Nikamwambia andikeni kwenye daftari kwanza.

*

Kinyozi hakunidai. Nilikwenda nyumbani nikakaa hadi alfajiri nikijaribu kurudisha. Data zenyewe, naamini, nyingi zilikuwa bado kwenye zile diski 4. Lakini kwa ugavi ule wa ahadi, data ya mashine haikai mahali pamoja. Imekatwakatwa vipande vidogo vilivyotawanyika katikati ya vipande vya wengine, na kilichojua kipi ni cha nani ni ramani. Nilichokifuta ni ramani. Akiba za watu 600 zilikuwa mle ndani kama mchele uliomwagika kwenye mchanga.

Nikafungua lile kabrasha la "Taarifa za seva". Diski ya nje ilikuwa imejaa. Barua zilikuwa zimepangana, usiku baada ya usiku, kila moja ikinieleza kwa utulivu kwamba kazi imeshindwa. Nilihesabu. Nakala nzima ya mwisho ya 104 ilikuwa ya siku 19 nyuma.

Bosi nilimwambia ukweli wote kwa simu, saa kumi na moja asubuhi. Hakufoka. Aliuliza mara mbili kama kuna mtu mwingine anayejua. Kisha akakaa kimya, halafu akasema, "Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Seva ikapigwa. Mwenyekiti nitaongea naye mimi."

"Bosi—"

"Dogo, umeme umebeba mengi nchi hii. Utabeba na hili."

Nilipanda basi la kwanza. Nilipofika Morogoro tangazo lilikuwa tayari limebandikwa dirishani, limepigwa muhuri: kutokana na hitilafu ya umeme iliyotokea siku ya Ijumaa mchana, mfumo haupatikani, uongozi unaomba radhi. Mama Mhasibu aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kichwani, upande ulionyolewa na usionyolewa.

"Aliyekunyoa kafa?"

"Sikumaliza, mama."

"Haya. Kunywa chai kwanza."

Nilirudisha nakala ya siku 19 nyuma. Hiyo ilichukua kama saa moja, na 104 ikawaka kana kwamba haijatokea kitu, ikiwa na majina yote na salio la mtu mwenye usingizi wa wiki tatu. Baada ya hapo tulikaa mezani, yeye na kaunta buku, mimi na kibodi. Alisoma, niliandika. Namba ya mwanachama, akiba, elfu themanini. Namba ya mwanachama, marejesho, laki moja na elfu ishirini. Alikuwa na sauti ya kusomea ambayo haikupanda wala kushuka, na alifuata kwa rula ya mbao mstari kwa mstari. Ukurasa ulipoisha alisoma jumla, nami nikasoma jumla ya kompyuta. Zikilingana alisema "sawa" na kuweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kisha alisoma na mstari wa chini. "Jenereta, saa tano hadi saa saba, lita 3." Mara ya kwanza nilimwambia hiyo haiingii kwenye mfumo. Akasema anajua, lakini ukurasa husomwa hadi mwisho.

Siku 19 za kalenda zilikuwa siku 15 za kazi. Mchana alihudumia dirisha kwa daftari, jioni tukaendelea. Siku 14 zilikuwepo. Moja haikuwepo.

Ilikuwa Jumatano aliyokwenda msibani Kilosa. Dirishani alikaa yule mwanafunzi, na daftari lilikuwa na tarehe imeandikwa juu, na chini yake karatasi nyeupe tupu. Kijana alisimama pale akitazama viatu vyake. Alisema, "Niliambiwa si lazima." Hakusema na nani. Mama hakuuliza.

Tulituma ujumbe kwenye kundi la wanachama: aliyefika Jumatano ile alete stakabadhi. Walikuja. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na bahasha ya kaki yenye stakabadhi zote tangu alipojiunga, zimefungwa kwa raba kwa mwaka. Akaitoa ya Jumatano, akanipa mkono dirishani. "Pole sana kijana wangu. Umeme huu utatuua." Nikapokea ile pole. Nikasema ahsante, mwalimu.

Nilizipokea kama hizo ishirini na mbili.

Kulikuwa na muuguzi aliyedai ameweka 250,000 na stakabadhi imepotea. Kijana hakumkumbuka. Mwenyekiti alikuwa tayari kumkatalia. Alisema tukimkubali huyu kesho watakuja kumi. Mama Mhasibu aliomba kila mtu asubiri. Alikwenda kabatini akaleta hati ya benki ya Alhamisi asubuhi, maana fedha za dirishani hupelekwa benki kila siku inayofuata. Akajumlisha zilizothibitishwa, akaondoa zilizotolewa, akatoa kwenye jumla ya benki. Zilizidi 290,000. Fedha ziliingia droo siku ile na hazikuwa na mwenyewe. Muuguzi aliandikiwa laki mbili na nusu yake palepale, akalia, akaondoka bila kusema chochote.

Zikabaki 40,000. Tulirudia hesabu mara tatu. Mtu mmoja alikuja Jumatano ile na elfu arobaini, akapewa stakabadhi, akaenda zake, na hadi leo hajui kwamba kwenye mfumo hakuna alama yake. Mama alifungua mstari wa peke yake kwa ajili ya fedha hiyo, na hapo tu ndipo nilipomwona akitumia penseli.

*

Ukurasa wa Ijumaa tuliufikia mwisho, usiku wa Jumatano. Ulikuwa mrefu kuliko zote. Hadi saa nane mchana mwandiko ulikuwa wake wa kawaida. Baada ya hapo herufi zilisongamana, maana ndipo mfumo ulipoondoka na foleni nzima akaibeba yeye. Alisoma. Niliandika. Jumla zikalingana. Sawa. Vema nyekundu.

Rula ikashuka mstari wa chini.

"Jenereta," alisoma kwa sauti ileile, "haikuwashwa. Umeme ulikuwepo siku nzima."

Feni za seva zilisikika nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimeweka mikono kwenye kibodi na sikuwa na cha kuandika. Mama aliacha rula pale ilipo. Hakunitazama, alianza kukunja kamba ya miwani taratibu, kama mtu ambaye ana usiku mzima.

"Uliona siku ileile," nikasema.

"Niliandika siku ileile. Saa kumi na moja jioni, kabla hamjabandika tangazo lenu."

Siku tano alikuwa ananipa chai na maandazi, ananisomea, anajua.

Nikamweleza. Yote: kinyozi, ukurasa uliochelewa, kichujio cha barua, nilichomwambia yule kijana kuhusu daftari. Nilipofika kwenye lile neno aliniuliza maana yake kwa Kiswahili. Nikasema angamiza.

"Na uliliandika mwenyewe."

"Nililiandika mwenyewe. Nilidhani maana yake ni zima."

Alilifikiria hilo kwa muda. "Ulisema vyombo vinabaki ndani."

"Ndiyo, mama."

Alifunga daftari, akaweka rula juu yake. "Jumatatu kuna kikao cha bodi. Saa nne. Basi la saa kumi na mbili kutoka Mbezi litakuwahisha."

Nilifika. Bosi alikuwa amenikataza, na baada ya kikao tuliachana kwa maneno machache, sasa najitegemea. Bodi ilinisikiliza robo saa. Mwenyekiti alikasirikia zaidi tangazo lenye muhuri wa ofisi yake. Mwalimu mstaafu alikuwa mjumbe, sikulijua hilo, na yeye ndiye pekee ambaye hakuuliza swali. Alinitazama tu, nikakumbuka ile pole. Waliukatisha mkataba wa kampuni. Miezi miwili baadaye Mama Mhasibu alinipigia simu kuniuliza kama bado nafanya hizi kazi za mapepo.

104 mpya ina kinga: imewekewa alama inayoifanya Proxmox ikatae kuifuta hata ikiwa imezima, mpaka mtu aende kwanza kuiondoa alama hiyo kwa makusudi. Snapshoti hazizidi wiki. Nakala za usiku zinakwenda sehemu mbili, moja nje ya jengo, na barua zake zinaingia pale zinapoingia barua za mama yangu. Lakini barua ya kusema nakala imefanikiwa siiamini peke yake. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi naichukua nakala ya usiku uliopita, nairudisha kama mashine mpya pembeni, bila mtandao, naiwasha, kisha napiga simu Morogoro.

Yeye huchagua mwanachama, mimi husoma salio kwenye mashine, yeye hulitafuta daftarini. Anachagua watatu au wanne, kila mwezi wengine. Nasikia karatasi zikigeuzwa.

"Sawa," husema. "Sawa. Sawa."

Halafu tunafika kwenye ule mstari wa penseli.

"Elfu arobaini," nasoma.

"Bado hajaja," anasema Mama Mhasibu.

Kisha nasikia akiandika tarehe.